Ukuta Unaonenepa

Mfalme alikwisha kuondoka, lakini Jumba lilikuwa halijaambiwa.

Lilisimama pale pale juu ya kilima, jeupe kama jino la mtoto, likiwatazama watu kwa madirisha yake marefu kana kwamba bado lina mtu wa kumfichia siri. Mji uliolizunguka haukuwa na jina. Uliwahi kuwa nalo, jina la Mfalme, na siku ya Mapinduzi watu walilikwangua kwenye vibao vyote, wakaahidiana kutafuta jingine wakipata nafasi. Hawakupata nafasi. Ukimuuliza mtu ametoka wapi, alikuonyesha Jumba kwa kidevu, kisha akakiteremsha kidevu chini ya kilima, nawe ukaelewa.

Na Mapinduzi yenyewe yalikuwa lini? Hapo ndipo watu walipogombana. Wengine walisema kiangazi kilichopita. Wazee wa Mtaa wa Msufini walisema ni zamani sana, wao waliyaona wakiwa wamebebwa migongoni. Na alikuwapo mwanamke sokoni, muuza bizari, aliyeapa kuwa hayajatokea bado, kwamba zile kelele zilikuwa za harusi.

"Wewe Mize," alikuwa akimwuliza kila alipopita, "ile harusi ilikuwa ya nani hasa? Mbona biarusi hatukumwona?"

Mize alipita zake. Yeye alikuwapo. Ndiye aliyelipiga lango sululu ya kwanza, mji mzima nyuma yake ukinguruma, na lango likaachia kwa urahisi uliowashangaza wote, kama mtu aliyekuwa akingoja kubishiwa hodi. Mikono yake ililikumbuka pigo lile. Lakini siku hizi alikuwa hana imani sana hata na mikono.

Lazima lisemwe jambo moja hapa, maana asiyelijua hatalielewa Jumba wala hatawaelewa watu wake. Jumba, kwa walivyoambiwa, lilijengwa kwa matumbawe na udongo, na ukuta wa namna hiyo ukinyeshewa bila chokaa huyeyuka kama sukari guru. Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya masika, mbiu ilipigwa na mji mzima ukapanda kilimani kwa msaragambo, kazi ya wote isiyo na ujira. Kila mtaa ulikuwa na upande wake: Msufini macheo, Wafinyanzi machweo, Darajani nyuma, na Kisimani, mtaa wa kina Mize, ule upande mrefu unaoutazama mji. Wanaume walibeba mawe ya kuzibia nyufa, wakachoma chokaa na kuibeba. Wanawake waliikanyaga kwa miguu, wakaipaka, wakailainisha mpaka ukuta ukang'aa. Na kabla haijakauka, kila mwanamke, hata mtoto wa kike, aliukandamiza mkono wake wa kulia ukutani, akaacha alama. Huko ndiko kutia kiganja. Biarusi ambaye hajatia kiganja alihesabiwa bado mgeni kwa mumewe. Mwaka uliofuata chokaa mpya ilivifunika viganja vya mwaka jana, vikatiwa vingine juu yake, navyo vikafunikwa. Mfalme hakuijua habari hiyo. Wafalme hawazitazami kuta kwa karibu.

Sasa, mtu akishaondoka, jumba lake lifanywe nini? Swali hilo liliwakosesha watu usingizi kuliko alivyowakosesha Mfalme mwenyewe. Lichomwe? Jiwe haliungui. Livunjwe? Iliwekwa siku ya kulivunja, na siku hiyo ikafika, na hakuna aliyetokea na sululu. Huyu mgongo ulimuuma. Yule alikuwa na mgeni. Mwingine alisema alidhani ni kesho. Ndipo Mize alipopanda juu ya pipa uwanjani kwa hasira, akasema:

"Basi tusilivunje! Na tusilipake! Tuliachie mvua. Mvua haina mgongo wa kuuma wala haina mgeni nyumbani. Na yeyote atakayekutwa na chokaa mikononi, afungiwe humo humo ndani, mpaka masika yaamue!"

Watu walipiga makofi mpaka vumbi likapanda. Vuai, Mwenyekiti wa Kamati, mtu mrefu mwenye kitambaa chekundu alichokifunga mkononi, asichokivua hata kuoga, alimshika bega akamtangaza kuwa Mkaguzi wa Ukuta. Mize aliteremka kwenye pipa akihisi mwepesi. Aliamini kwamba amelimaliza Jumba kwa maneno. Ni kosa la kila mwenye ulimi mkali.

Kwa maana watu hawa walifundishwa tangu wakiwa kifuani: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Waliimbiwa hivyo, walichapwa kwa hivyo, waliozwa kwa hivyo. Mtu wa mji ule akiuona ufa, vidole vinamwasha. Unaweza kumwondolea mfalme kwa siku moja. Mwasho huo utamwondolea kwa kitu gani?

*

Ukuta ulianza kunenepa.

Mwanzoni Mize alifikiri ni macho yake. Kamati ilikuwa imehamia katika ukumbi mkubwa wa Jumba, kwa muda tu, kwa sababu hakukuwa na chumba kingine mjini cha kuweza kuubeba mkutano. Siku za kwanza sauti zao zilikwenda mbali, zikagonga ukuta wa pili, zikarudi zimechoka. Baadaye zilirudi upesi. Baadaye zikawa hazina pa kwenda. Meza ndefu ya Mfalme ilikatwa ncha moja ili ipate kukaa, kisha ncha ya pili, kisha ikatolewa kabisa. Nje, ufa mmoja wa upande wa Darajani uliokuwa unapitisha mkono ukawa unapitisha kidole, kisha wembe, kisha haukuwapo. Na chokaa ilikuwa mbichi. Kila alasiri Mize aliigusa, na kila alasiri ilimbaki kidoleni.

Nani? Nani anayemlisha maiti? Maiti hashibi. Maiti anavimba tu. Aliyetuchosha ameondoka, na uchovu umebaki unafanya kazi. Je, nguvu ya Mfalme ilikuwa kwa Mfalme? Au ilikuwa mahali pengine, pembeni, imekaa imekunja miguu, inasubiri mtu yeyote aje aikalie? Mize alitembea huku akijiuliza, akauzunguka ukuta, akauzunguka tena. Na kila mzunguko ulikuwa mrefu kidogo kuliko uliotangulia. Wakati mwingine aliona watoto wa kike wakikanyaga chokaa katika shimo, wamejifunga kanga viunoni, na mmoja wao alikuwa yeye. Akipepesa macho, shimo halipo.

Alilinda usiku, hakuona kitu. Usiku mji ulilala usingizi wa haki. Akajiuliza ni saa gani nyingine ambayo mtu wa mji ule anaweza kuwa peke yake, na jibu likamjia kwa njia ya miayo: adhuhuri. Jua likiwa utosini kila mlango ulirudishwa, kila mtu alijinyosha mkekani, hata jogoo walinyamaza. Hiyo ndiyo saa ambayo haina mwenyewe. Akaenda kujibanza nyuma ya birika la maji la Jumba, lililokauka, ukingo wake unamuunguza mgongo, akangoja.

Walikuja mmoja mmoja. Hawakuwa usingizini. Macho yao yalikuwa wazi, na hilo ndilo lililomtisha. Kila mtu alibeba karai lake, na kila mmoja alimpita mwenzake bila kumtazama, kama watu wanavyopishana mlangoni kwa mganga. Muuza bizari alikwenda upande wa Wafinyanzi. Wazee wa Msufini walikwenda kwao. Hapakuwa na wimbo wala salamu, ila sauti ya viganja vikipita ukutani, shwaa, shwaa, kama mnyama mkubwa anayekunwa akiwa amelala. Na pale pembeni, kitambaa chekundu kimevutwa juu mpaka kwapani kisirukiwe, alikuwapo Mwenyekiti Vuai, amechuchumaa, analainisha kona.

Mize alimwendea moja kwa moja.

"Ndugu Mwenyekiti."

Vuai hakushtuka. Alimaliza kona kwanza. "Ndugu Mkaguzi. Umenikuta nakagua."

"Unakagua kwa kiganja?"

"Uhalifu huu umefanywa vizuri mno," alisema, akiutazama ukuta kwa upande kama mtu anayemtazama ng'ombe wake. "Nilitaka kujua umefanywaje. Nenda kakague upande wa kwenu, dada. Huku kuna mtu."

Alikwenda upande wa kwao, na miguu ilikuwa imekwisha kujua kabla yake. Bi Mkasi, mama yake, alikuwa amepiga magoti, chokaa imempanda mpaka viwiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umesimama kama bawabu? Nipe maji hapo."

Mize alimpa maji. Mama alikunywa, akayamwaga yaliyobaki kwenye karai, akaendelea.

"Mama, unakumbuka nilichosema uwanjani?"

"Nakumbuka. Nilipiga makofi mpaka pete ikanitoka."

"Na sasa unafanya nini?"

"Naziba ufa."

"Ufa wa nani, mama? Mfalme amekwenda zake! Alikufanya punda maisha yako yote, wewe na mama yako, mkambebea mawe na kumpakia kuta ili alale kwenye baridi!"

"Alitufanya punda, sikatai." Bi Mkasi aliugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, polepole, kama anayemwamsha mtu. "Lakini hebu niambie, wewe uliyesoma. Mfalme aliwahi kuugusa ukuta huu hata kwa kidole? Hapa pana mimi. Nyuma yangu yupo mama. Nyuma ya mama, mama yake. Tone la mvua likiingia hapa litaanza na nani? Mfalme wako yuko wapi humu? Nionyeshe nimng'oe, nami niende nikalale."

Mize alichuchumaa kando yake. "Nakuomba unawe mikono tu. Kamati inataka jina, mama. Inalitaka kabla ya masika."

"Mimi nilikunawisha ulipokuwa hujui kujinawisha, sikukwambia 'nakuomba'. Nenda kivulini, utaumwa kichwa."

*

Kikao kilikaa magoti yakigusana. Ukumbi uliowahi kuwameza wajumbe wa nchi saba sasa ulikuwa na ukubwa wa chumba cha mwanamwali. Mikono ya wanakamati haikuonekana. Wengine waliikalia, wengine waliitia mifukoni, na Pandu, katibu, aliandika kwa kalamu aliyoishika ndani ya kanzu.

Vuai alikohoa. Mize akasikia nywele zikimsimama. Mji ule haukuwahi kuuona uso wa Mfalme. Uliijua sauti ya kikohozi chake tu, kilichokuwa kikivuka ukuta asubuhi, kikavu, kirefu, chenye ncha mwishoni, na akina mama wakawanyamazisha watoto kwacho. Kilikuwa ndicho hicho. Hakuna mwingine aliyegeuka. Huenda hawakusikia. Huenda kila mmoja alikuwa anakisafisha chake kooni.

"Mawingu yamekwisha kuonekana," alisema Vuai. "Umma unataka jina, ndugu Mkaguzi."

"Nyote."

Walicheka. Kicheko hakikuwa na pa kwenda, kikawarudia usoni.

"Dada huyu jua limempiga," alisema Pandu.

"'Nyote' si jina," alisema Vuai kwa upole wa mtu anayemfunza mtoto kula. "Nyote haipiti mlangoni. Nyote haina mikono ya kushikwa. Umma hauwezi kuufungia umma. Lete mtu mmoja, mwenye kimo na ukoo."

"Basi sema wewe ulikuwa wapi adhuhuri."

"Kazini. Na mkaguzi asiyemwona mhalifu anaitwaje? Anaitwa mshirika wake. Sheria ni yako mwenyewe, uliitoa kinywani mwako juu ya pipa, na ni sheria nzuri. Toa jina, au ingia wewe."

Jina lilikuwa ulimini. Ndiyo, lazima lisemwe, lilikuwa ulimini. Herufi zake zilikaa pale kama chembe za chumvi, na Mize alijiona amefungua kinywa kidogo, na alijisemea kwamba mtu mzima amekwisha kuishi, kwamba Mapinduzi ni machanga yanahitaji kubebwa, kwamba yeye bado ana kazi. Mambo haya mtu huyasema haraka sana ndani ya kichwa. Huyasema kwa sauti ya mtu mwingine.

"Hodi."

Hakuna aliyeitikia.

"Hodi ya pili, naingia." Bi Mkasi aliingia kwa ubavu, maana mlango nao ulikuwa umekonda. Hakuwa amenawa. Aliinyosha mikono yake juu ya magoti ya Kamati nzima, myeupe mpaka viwiko, inadondosha. "Mnatafuta chokaa? Hii hapa."

"Mama, toka nje!"

"Nyamaza, wakubwa wanazungumza."

Vuai aliitazama mikono ile, kisha dari. "Bi Mkasi, unakiri?"

"Mwizi ndiye anayekiri. Mimi nasema tu."

"Ulikuwa peke yako?"

Bi Mkasi aliwatazama mmoja mmoja, akaitazama mifuko, akayatazama makalio yaliyokalia vidole. Aliwajua wote kwa majina ya utotoni. Baadhi yao aliwapokea yeye walipozaliwa.

"Kama kuna mwingine," alisema, "ana kinywa."

Chokaa ilidondoka juu ya goti la Pandu, naye hakuifuta.

*

Walimfungia mchana, mbele ya mji wote, kwa sababu umma una haki ya kuona. Ilipofika zamu ya kuufunga mlango palitokea shida ndogo. Komeo lilikuwa limeng'olewa siku ya Mapinduzi, kwa kuwa lilikuwa na nembo. Wakasimama wakitazamana. Ndipo Vuai alipotamka kuwa mlango uzibwe kwa chokaa, na mtu mmoja akauliza kama hiyo siyo hatia yenyewe, na Vuai akamjibu kuwa chokaa ya adhabu ni halali.

Ungewaona! Makarai yalitoka majumbani kabla hajamaliza kusema. Yalikuwa yamekwisha kukorogwa. Watu waliukimbilia mlango ule kama wenye njaa wanavyokimbilia sinia, wakapaka, wakalainisha, wakaanza na wimbo, ule wimbo wa msaragambo ambao kinywa kilikuwa kimeufungia tangu Mapinduzi. Walipoumaliza mlango hawakuacha. Waliendelea na kuta, huku na huku, mchana kweupe, kwa jina la adhabu. Wengine walilia kwa furaha. Mize alisukumwa kando, akasimama akiwa na mikono mitupu katikati ya watu wenye raha, na hakuwahi kuwa mpweke hivyo hata siku alipotangulia mbele ya lango.

Wingu la kwanza lilikuwa tayari limekaa juu ya kilima, jeusi, tumbo wazi.

Watu walipotawanyika alikwenda upande wa Kisimani, akaweka mdomo ukutani.

"Mama!"

Sauti ilitoka mbali, kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. "Umekula?"

"Mama, uko salama?"

"Nimekuuliza umekula."

"Nimekula," alidanganya.

"Huku kuna baridi. Nikinyosha mkono wa kulia nagusa, nikinyosha wa kushoto nagusa. Waliponifungia nilikuwa naukunjua wote. Wamepaka sana leo, eh? Nimewasikia wanaimba. Wamekosea ubeti wa pili."

Mize aliteleza akakaa chini. Sasa aliliona jambo lote, na lilikuwa dogo na baya. Watu wakiendelea kupaka, ukuta utanenepa kuelekea ndani mpaka umkumbatie mama yake na usimwachie. Watu wakiacha kupaka, mvua italivunja Jumba, na Jumba litamwangukia. Alikuwa ameitunga sheria isiyo na upande wa kusimama. Hakuna wa kumsihi: kumsihi Vuai ni kusihi kikohozi. Hakuna wa kumngoja: mvua ilikwisha kupiga hodi kwa upepo wa vumbi. Lilibaki jambo moja ambalo mji mzima ulikuwa umelikimbia tangu siku ile ya migongo kuuma.

Akaenda kuchukua sululu.

Alianza na Wafinyanzi, ambako ukuta ulionekana laini. Muuza bizari alikuwa amekwisha kufika, amesimama ameupa ukuta mgongo.

"Weye! Hapo si pako. Hapo shangazi yangu."

"Si ulipiga makofi Jumba lianguke?"

"Lianguke, nani kakataa? Ila lisianzie kwetu."

Darajani walimpokea kwa mikono iliyoshikana. "Mwanangu," alisema mzee mmoja, "hapo pana mke wangu. Amekufa hana picha. Hapo tu ndipo alipo." Msufini walimrushia mawe. Na wote hawa, angalia, ndio walionguruma nyuma yake mbele ya lango. Nyuso ni zile zile. Aliwatazama akajiuliza kama watu huwa wanampindua mtu, au huwa wanamwondoa tu aliyesimama kati yao na ukuta wao.

Kwa hiyo alirudi Kisimani, akasimama pale ambapo hakuna wa kumzuia ila yeye.

"Mama, sogea. Navunja."

Sauti ikatoka ndani: "Hapo kwetu?"

"Hapa kwetu."

"Yupo bibi yako hapo, Mize."

"Najua."

"Na wewe upo."

"Mama, sogea!"

Alipiga. Chokaa ya juu ilianguka kama ganda la yai. Chini yake palikuwa na kiganja kidogo, cha mtoto, kidole gumba kimepinda nje. Aliutazama mkono wake wa kulia, akaukunja, akapiga tena, na kiganja kile kikawa unga. Mwili wote ulimwuma kana kwamba amejigonga. Nyuma yake kulikuwa na cha mama yake alipokuwa biarusi, hina imeacha michirizi ya kahawia ndani ya weupe. Akapiga. Nyuma yake, kiganja kipana chenye kovu, cha Bibi Zume, aliyemsuka nywele mpaka siku aliyokufa. Akasimama. Matone ya kwanza yalimgonga kisogoni. Akasema neno ambalo hakuna aliyelisikia, akapiga. Na nyuma ya Bibi Zume viganja, na nyuma ya viganja viganja, vikubwa, vidogo, vya watu ambao hakuna aliyebaki wa kuwaita, tabaka juu ya tabaka kama kitunguu, na jasho na mvua na unga vikimfanyia uji usoni. Alingoja lini atalifikia Jumba. Lini ataufikia ukuta wenyewe, ukuta wa Mfalme, ili ampige yeye na siyo hawa.

Akaufikia. Haukuwa wa matumbawe kama walivyoambiwa. Ulikuwa wa fito na udongo, mwembamba kama wa banda la kuku. Sululu iliupenya bila kupigwa, kwa uzito wake tu.

Huo ndio uliokuwa ufalme. Fito chache zilizofungwa kwa kamba, na nyingine yote ni wao.

Bi Mkasi alitoka kwa kichwa, kama anavyotoka mtoto, mweupe mzima, akikohoa kikohozi chake mwenyewe. Mize alimvuta kwapani wakaanguka wote matopeni. Mama alipangusa macho, akalitazama tundu kwa muda mrefu.

Watu walikuwa wamekusanyika. Vuai alikuja mbele, kitambaa chekundu kinachuruzika maji ya rangi, akalishika tundu ukingoni, akaingiza kichwa, akakitoa.

"Si baya," alisema. "Si baya hata kidogo. Mlango wa zamani umezibwa, nao ulikuwa wa kifalme. Huu umefunguliwa na umma. Ukichongwa pembe hapa na hapa, ukapakwa vizuri, utakuwa Lango la Umma." Watu walianza kupiga makofi. Mwanamke mmoja alikuwa amekwisha kuutia mkono ukingoni, anaulainisha kwa kidole gumba, macho yamemlegea.

Mize alihisi sululu ikimwelemea. Alitaka kulala pale pale.

"Wewe," Bi Mkasi alimwambia bila kumtazama. "Umeacha tundu. Tundu watalifanya mlango. Mlango utataka bawabu. Bawabu atataka mtu wa kumlinda. Ulivunja ili iweje?"

"Ili utoke, mama."

"Nimetoka." Alijiinua kwa kushika goti, akakisukuma kando kile kidole gumba kilichokuwa kinalainisha, akatia mikono yake miwili kwenye ukingo na kung'oa jiwe moja la kuzibia. Lilitoka na kipande cha chokaa, na ndani ya kipande mlikuwa na nusu ya kiganja. Watu wakapiga ukelele. Kuna aliyemwita mchawi. Yeye alilipangusa kwa upindo wa kanga, akamkabidhi binti yake.

"Shika kwa mikono miwili. Bibi yako hakuwa mwepesi."

Mize alilipokea. "Tunalipeleka wapi?"

"Nyumbani." Bi Mkasi alikuwa anang'oa la pili. "Choo chetu hakina ukuta tangu nilipoolewa. Mama mkwe alichutama nyuma ya gunia, nami nimechutama nyuma ya gunia, na kila masika tumepanda huku kumsitiri mwanamume asiyetujua kwa jina. Leo mvua inanyesha, nami nataka kwenda haja nikiwa nimesitirika. Teremka, mwanangu. Usije ukateleza."